Usukani kama Lugha: Mawasiliano ya Marubani Wawili Bawa Linapoachwa na Upepo

Utangulizi

Makala haya yalianza mahali ambapo mwanafunzi wa fasihi hatarajiwi kuanzia. Nilikuwa Kalokol, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, nikikusanya simulizi za wavuvi kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Siku ya kurejea Nairobi nilipata nafasi katika ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyoruka kutoka Lodwar. Rubani alikuwa mmoja tu. Nilikaa nyuma ya kiti cha kulia cha mbele, ambacho kilikuwa kitupu, na kwa muda wa safari nzima sikuweza kuyaondoa macho yangu pale. Kila rubani alipovuta usukani wake, usukani uliokuwa mbele ya kile kiti kitupu nao ulijivuta. Aliposukuma, ule nao ulijisukuma. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alininong'oneza, "Mwalimu, na ule mwingine unashikwa na nani?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia kwamba sukani hizo mbili zimefungamanishwa, akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Ikiwa katika kile kiti angekuwamo rubani wa pili, angejuaje anachokifanya mwenzake? Angekijua kwa kuona, kwa kugusa, au kwa kuambiwa? Na hizo njia tatu zikigongana, hasa wakati ndege imo hatarini, ni ipi itakayoaminiwa?

Inadaiwa katika makala haya kwamba usukani wa ndege si chombo cha kuongozea tu, bali ni chombo cha mawasiliano baina ya watu wawili, na kwamba namna ulivyoundwa huamua ni kiasi gani cha mawasiliano kitakachobaki kubebwa na maneno. Ili kulionyesha hilo nitazitazama ajali nne. Mbili kati yake zilizipata ndege za Kenya Airways, na moja iliipata ndege iliyokuwa ikija Nairobi. Msomaji asishangae kulikuta suala hili katika jarida la Kiswahili. Ripoti za uchunguzi wa ajali hizo, zikisomwa kwa jicho la mwanaisimu, ni matini za mazungumzo: nani alisema nini, nani alimjibu, nani alinyamaza.

Tatizo la istilahi

Kiswahili hakikuingia angani mikono mitupu. Kilipanda na msamiati wa bahari. Rubani alikuwa mjuzi wa kukiongoza chombo kupita kwenye miamba na mikondo kabla hajawa mwendeshaji wa ndege, na usukani ulikuwa nyuma ya jahazi kabla haujafika kwenye gari. Ni ajabu basi kwamba kwa hali iliyo muhimu kuliko zote katika elimu ya urukaji, hatuna neno lililokubalika.

Hali yenyewe ni hii. Bawa la ndege huinua kwa sababu hewa hupita juu na chini yake kwa utaratibu, ikilifuata umbo lake. Rubani anapoinua pua ya ndege, pembe kati ya bawa na upepo unaolijia huongezeka, na kwa kiasi fulani uwezo wa kuinua huongezeka pia. Pembe hiyo ikizidi mno, ambapo kwa mabawa mengi ni kama nyuzi 15 hivi, hewa iliyo juu ya bawa hushindwa kulifuata. Hubanduka na kuvurugika, na bawa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuinua. Waingereza huiita hali hiyo kwa neno lile lile wanalolitumia kwa injini ya gari iliyozimika njiani, na hapo ndipo mtego ulipo kwa mfasiri. Nimewasikia watu wasomi wakisema "ndege ilizima." Msikilizaji anaelewa kwamba injini zilikufa. La hasha! Ndege inaweza kuwa na injini zote zikinguruma kwa nguvu kamili na bado mabawa yake yakawa yamekwisha kushindwa.

Istilahi ninayoipendekeza niliipata Kalokol, kinywani mwa mvuvi, wala sikuitafuta. Asubuhi hupiga upepo mkali ziwani kutoka kusini-mashariki. Tulikuwa watatu katika mashua ya tanga tukitoka katika Ghuba ya Ferguson: mzee aliyeshika usukani nyuma, kijana aliyeshika kamba ya tanga, na mimi niliyeshika daftari. Mashua ilipopunguza mwendo ghafla, kijana aliivuta kamba kwa nguvu zaidi, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mashua ikazidi kuzubaa. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa ameupa uso wake ufuo wa Longech na hakuwa akimtazama kijana, alisema, "Legeza! Tanga limeachwa na upepo." Kijana akalegeza, tanga likajaa, mashua ikaondoka.

Nilimuuliza, "Mzee, umejuaje naye yuko mgongoni kwako?"

"Mwalimu, mashua ni moja," akajibu. "Akivuta huko, mimi naisikia hapa."

Tanga na bawa ni ndugu. Tanga likivutwa mno dhidi ya upepo, hewa hubanduka juu yake vivyo hivyo, na dawa yake ni kulegeza. Dawa ya bawa pia ni kulegeza: rubani husukuma usukani mbele, akaishusha pua ili pembe ipungue na hewa ishike tena, kisha akaongeza nguvu za injini kadiri inavyohitajika. Jambo hili huenda kinyume na silika. Ndege inaanguka, ardhi inakaribia, na mwalimu anakutaka uielekeze pua huko huko chini. Mnamo tarehe 12 Februari 2009, karibu na Buffalo nchini Marekani, rubani mkuu wa ndege ya Colgan Air alivuta badala ya kusukuma wakati usukani ulipomtetemekea mkononi ukimwonya, na rubani msaidizi, bila ya kuombwa, akayarejesha ndani mabamba ya nyuma ya mabawa ambayo yalikuwa yakisaidia kuinua. Watu 50 walikufa. Mkono wa mmoja ulikosea na mkono wa mwingine ukaongeza kosa.

Kwa hiyo katika makala haya nitasema kwamba bawa limeachwa na upepo. Kasoro za istilahi hii nitazirejea mwishoni.

Aina mbili za usukani

Kwa miongo mingi ndege za abiria ziliundwa kama ile Caravan ya Lodwar: sukani mbili zilizounganishwa kwa vyuma na nyaya, moja ikisogea na ya pili inasogea. Mwaka wa 1988 ilianza kubeba abiria ndege ya Airbus A320, ambayo badala ya usukani mkubwa ina kijiti kidogo kando ya kila rubani, mmoja kushotoni na mmoja kuliani. Kijiti hicho hakivuti waya wowote. Hupeleka ujumbe kwenye kompyuta, nayo ndiyo inayoamrisha sehemu za mabawa na mkia zisogee. Vijiti hivyo viwili havikuunganishwa. Rubani wa kushoto akikivuta chake, cha kulia hakitikisiki. Wakivitumia wote wawili kwa pamoja, kompyuta hujumlisha amri zao, hata mmoja akivuta na mwingine akisukuma kwa kiasi kile kile, matokeo ni sufuri. Anayetaka kumnyang'anya mwenzake hubonyeza kitufe.

Boeing nao walipounda ndege ya kompyuta, ile 777 iliyoanza kazi mwaka wa 1995, waliamua kuzibakiza sukani kubwa na kuzifungamanisha. Mabishano baina ya kambi hizo mbili hayajaisha, nami si mhandisi wa kuyaamua. Ndege za vijiti zimeruka mamilioni ya safari kwa salama, na ndege za sukani zilizounganishwa zimeanguka, kama tutakavyoona punde. Linalonihusu ni kwamba katika muundo wa kwanza kuna kauli zinazotamkwa na mikono, ilhali katika muundo wa pili kauli hizo zimefutwa na ni lazima zirudishwe kwa ulimi.

Abidjan, 2000

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310, safari nambari 431, iliruka kutoka Abidjan ikielekea Lagos. A310 ni ya kizazi cha kabla ya vijiti, na sukani zake zimeunganishwa. Mara tu ilipoachana na ardhi, onyo la kuachwa na upepo lilianza. Onyo hilo lilikuwa la uongo. Mabawa yalikuwa yakifanya kazi yake barabara. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alisukuma usukani mbele. Baada ya sekunde zipatazo 33 ndege ilikuwa baharini. Kati ya watu 179 waliokuwamo, 169 walikufa na 10 wakaokoka.

Wachunguzi walieleza kwamba alitekeleza sehemu moja tu ya utaratibu uliowekwa. Utaratibu kamili ulitaka pia injini zipewe nguvu zote. Aidha walieleza jambo ambalo kwangu ni la kiisimu kabisa: chombo kinachoonya kwamba ardhi iko karibu kilinyamazishwa na maonyo mengine yaliyopewa kipaumbele, yaani lile la kuachwa na upepo na, baadaye, la mwendo kupita kiasi. Hebu fikiria maana yake. Sauti moja inasema mwendo wako hautoshi kukuinua, nyingine inasema mwendo wako umezidi, na sauti ya tatu, ambayo ndiyo pekee yenye ukweli wa wakati ule, haikuruhusiwa kusema. Mbele yao kulikuwa na bahari na giza, hakuna taa wala upeo wa macho wa kuwasahihisha.

Na rubani mkuu? Usukani wake ulikuwa umeunganishwa na wa mwenzake, kwa hivyo ulisogea mbele pamoja nao. Amri yake ya kupanda ilitoka zikiwa zimebaki takriban sekunde moja au mbili. Hapa ndipo dai langu linapohitaji kuwekewa mpaka. Muungano wa sukani hutoa ishara, lakini ishara haitafsiri dhamira. Kusukuma mbele kulikuwa ndiko alikofundishwa kila rubani afanye onyo lile linapolia, na kwa sababu hiyo mkono uliokuwa ukikosea ulifanana na mkono unaopatia. Mzee wa Kalokol alimjua kijana kwa mashua, kweli, lakini pia alifumbua kinywa papo hapo.

Douala, 2007

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Lodwar redio ilipotangaza kwamba ndege ya Kenya Airways imepotea nchini Kamerun. Safari nambari 507, Boeing 737-800, iliruka kutoka Douala baada ya usiku wa manane kuamkia tarehe 5 Mei 2007, katika hali ya mvua na ngurumo. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita zipatazo tano na nusu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Watu wote 114 waliangamia.

Ajali hii haikuwa ya bawa kuachwa na upepo. Naileta kwa sababu sukani zilikuwa zimeunganishwa, ndege haikuwa na kasoro, na kilichokosekana kilikuwa jibu la neno moja. Baada ya kuruka, rubani mkuu alitamka neno la Kiingereza lenye maana ya amri, ambalo ndilo lililofupishwa juu ya kitufe cha mtambo wa kujiongoza. Kwa kulitamka alitaka mtambo uwashwe. Rubani msaidizi hakuitikia, na kitufe hakikubonyezwa. Ndege, ambayo ilikuwa na mwelekeo mdogo wa kulalia kulia, iliendelea kulala polepole kwa sekunde zipatazo 55 bila ya mkono wa mtu wala wa mtambo.

Wasomaji wanaoifahamu Nadharia ya Matendo Uneni, iliyotokana na mihadhara ya J.L. Austin iliyochapishwa mwaka wa 1962, watakumbuka kwamba kuna kauli ambazo kuzitamka ndiko kulitenda jambo, lakini kwa masharti. Masharti yasipotimizwa, kauli huwa batili hata kama imetamkwa kwa ufasaha. Darasani tumezoea kutoa mfano wa kufungisha ndoa au kutoa jina. Sijapata kukutana na mfano mzito kuliko huu wa Douala. Msemaji aliamini kwamba tendo limetendeka kwa sababu amelisema, na itifaki ya kurudishiwa neno lake, ambayo ndiyo ingembainishia kwamba halikutendeka, haikufuatwa.

Onyo lilipolia kwamba ndege imelala kupita kiasi, rubani mkuu aliuzungusha usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Alikuwa amekwisha kupotewa na hisia ya juu na chini. Rubani msaidizi, kijana wa miaka 23, alianza kumwelekeza kwa kutaja upande usio sahihi, halafu akajirekebisha na kurudia upande wa kushoto. Wachunguzi walitaja upungufu wa uratibu baina ya marubani miongoni mwa sababu zilizochangia. Walakini ningependa tutue kwenye kujirekebisha kule. Msaidizi alijua. Alijua na akasema. Hakuushika usukani, au kama aliugusa, hakutamka kwamba sasa ni wake. Umri, cheo na adabu tulizolelewa nazo hukaa kati ya kijana na mkubwa wake hata katika chumba kidogo kama kile. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kutomkatiza mzee huhitaji kupewa kauli maalumu, iliyoidhinishwa na kazi, ya kumkatizia.

Bahari ya Atlantiki, 2009

Mkasa uliolifanya suala la vijiti kujulikana kote duniani ni ule wa Air France nambari 447, tarehe 1 Juni 2009, kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, mtambo wa kujiongoza ukajizima, na rubani wa kulia akakivuta kijiti. Ndege aina ya Airbus A330 ikapanda, bawa likaachwa na upepo, na ikaanguka kutoka zaidi ya futi 35,000 kwa takriban dakika tatu na nusu huku injini zikifanya kazi. Watu 228 walikufa.

Rubani wa kushoto alifika mahali pa kusema kwamba usukani sasa uko upande wake na akachukua mamlaka kwa kitufe. Mwenzake wa kulia aliyarudisha mamlaka hayo kwake karibu papo hapo, na hakutamka lolote. Katika ndege yenye sukani zilizounganishwa, kitendo hicho kingekuwa mvutano wa mikono ambao wala mmoja asingeweza kukosa kuujua. Hapa kilikuwa ni kidole gizani. Rubani mkuu, ambaye alikuwa mapumzikoni na akarudi mambo yakiwa yamekwisha haribika, alisimama nyuma yao asione kijiti kinavutwa au kinasukumwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache kupungua dakika moja ndipo rubani wa kulia alipotaja kwamba amekuwa akivuta muda wote huo. Ilikuwa habari mpya kwa wenzake.

Onyo nalo lilikuwa na sarufi yake mbovu. Mwendo uliopimwa ulipokuwa mdogo mno, kompyuta iliviona vipimo kuwa si vya kuaminika na onyo likanyamaza. Pua ilipoteremshwa, vipimo vilirudi kukubalika na onyo likalia upya. Rubani aliyefanya la sawa alikemewa, na aliyerudia kosa alituzwa kwa kimya. Ripoti ya Ufaransa ya mwaka wa 2012 ilitaja sababu nyingi, mafunzo yakiwemo, na si haki kukibebesha kijiti lawama zote. Tangu wakati huo wameundwa vijiti vinavyosogezana kwa mota, kimoja kikimwonyesha mwenye kingine. Ndege ya Gulfstream G500, iliyoidhinishwa mwaka wa 2018, inavyo. Wahandisi wamekirudishia kijiti ulimi.

Addis Ababa, 2019

La mwisho nitalipitia kwa haraka, kwa kuwa msomaji analikumbuka. Ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302, Boeing 737 MAX, ilianguka tarehe 10 Machi 2019 dakika sita baada ya kuruka kuja Nairobi. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Kipimo cha kushoto cha pembe ya upepo kilitoa taarifa ya uongo, na mtambo uliofichika ukaiteremsha pua mara kwa mara ukidhani unalinusuru bawa. Marubani waliukata umeme wa mtambo huo, wakashindwa kuligeuza kwa mkono gurudumu la kurekebishia mkia, na wakavuta sukani zao kwa pamoja, mmoja akimwomba mwenzake avute naye.

Mikono ya wawili hao ilielewana, na ndimi zao pia. Asiyesema alikuwa wa tatu. Kabla ya ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018, mtambo huo haukuwa umeelezwa kwa marubani katika miongozo yao. Kwa lugha yetu ya uhakiki, palikuwa na mhusika mwenye uwezo wa kutenda ambaye msimulizi alimnyima jina.

Kuhusu istilahi iliyopendekezwa

Kitenzi "kuachwa na upepo" kinajitosheleza katika sentensi: bawa limeachwa na upepo, bawa la kushoto likaachwa kwanza, lisije likaachwa. Kinaeleza kisababishi bila ya kuitaja injini, na kinadokeza tiba, kwa maana aliyeachwa hulegeza ili afuatwe tena. Mwalimu wangu mmoja amenipinga kwamba upepo kwa Mswahili ni kitu kinachovuma, ilhali ndege huruka hata siku ya shwari, hivyo "hewa" ingefaa zaidi. Hoja yake ina uzito. Jibu langu ni kwamba kwa bawa linalokwenda kasi hakuna shwari. Lenyewe huuzua upepo wake.

Kilichonishinda ni jina. Mwalimu wa marubani atahitaji kusema "onyo la..." na "mazoezi ya kujinasua katika...", na kila mara kikundi hiki cha maneno kitamjaza kinywa. "Uachwaji" unasikika kama shauri la talaka. "Mwachwo" sijawahi kuusikia kwa mtu. Nilipompigia simu yule mzee wa Kalokol kumuuliza wao huliitaje jambo lenyewe, alicheka, akasema kwamba ziwani hakuna anayepata nafasi ya kulipa jina. Mtu husema "legeza" na basi.